Mashine ya alizeti ukiilisha maganda ya korosho

Mashine ndogo za kukamulia, zile za skrubu zenye mota ya fezi tatu ya kilowati 7.5 na kizimba cha pao za chuma, huuzwa kwa maneno kwamba zinakamua chochote chenye mafuta. Kwa alizeti na ufuta maneno hayo yanatosha. Kwa mbanguaji wa Masasi, Newala, Tandahimba au Ruangwa mwenye rundo la maganda nyuma ya ghala, hayatoshi. Maganda zinayakamua, tena vizuri, lakini si kwa hali zinavyotoka dukani. Na mashine ikishaonja ganda la korosho, haifai tena kwa chakula cha mtu wala mnyama.

Hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote. Mafuta ya ganda yakikamuliwa bila moto, asilimia 60 hadi 65 ni asidi ya anakadi. Kadoli na kadanoli huchukua sehemu kubwa ya iliyobaki. Hivyo ndivyo vinavyobabua vidole vya wabanguaji. Vikiingia kwenye nyufa za pao na katikati ya vipande vya skrubu, maji ya moto na sabuni havivimalizi. Muuzaji akikwambia asubuhi ukamue maganda na jioni ukamue ufuta, ondoka dukani. Mikoa yetu ya Mtwara na Lindi inalima ufuta na karanga kwa wingi, kwa hiyo kishawishi kipo, na atakayedhurika ni mnunuzi wa chupa ya mafuta ya kupikia asiyejua mashine ilikamua nini jana.

Katika tani 1 ya korosho ghafi, ganda ni karibu kilo 700. Ndani ya kilo 100 za ganda lililokauka kuna mafuta kama kilo 25 hadi 30. Skrubu nzima ikitoa kilo 18 hadi 20, hesabu hiyo ni nzuri. Anayeahidi kilo 28 kwa skrubu peke yake anaongeza chumvi; kiwango hicho hufikiwa na viwanda vinavyoosha ganda kwa kiyeyushi, kazi yenye hatari ya moto ambayo haifai kujaribiwa kwenye karakana ya mabati.

Ubora wa mafuta huamuliwa kabla ya ganda kufika kwenye mashine. Ganda la korosho iliyopikwa kwa mvuke ndilo bora, kwa kuwa mafuta yamebaki ndani. Lililokaangwa kwenye mafuta ya moto limeshaachia sehemu ya mali yake. Lakini la mvuke hutoka na unyevu, kwa hiyo lianikwe juani kwa tabaka jembamba mpaka likikunjwa livunjike kwa mlio. Ganda bichi huzunguka pamoja na skrubu bila kusonga mbele, na kinachotoka ni povu la kahawia lenye maji. Lililokauka kupita kiasi husagika kuwa unga, unga unajaza nyufa za pao, kizimba kinapata moto na moshi unaanza. Chekecha mchanga. Weka sumaku kwenye mdomo wa kulishia, maana msumari mmoja unatosha kuvunja kipande cha skrubu. Toa pia vipande vya punje: punje ni karibu nusu mafuta ya kawaida ya kula, na hayo hayagandi pamoja na utomvu wa ganda wakati wa kutengeneza rangi au vipande vya breki. Mnunuzi akiyakuta kwenye sampuli, bei inashuka.

Kuwasha kuna utaratibu. Legeza koni ya mwisho, ile inayobana njia ya kutokea mashudu, lisha mashudu ya siku iliyopita mpaka kizimba kipate joto, kisha changanya ganda kidogo kidogo huku ukikaza koni. Ganda lipite mara mbili: mara ya kwanza koni ikiwa imelegea, ya pili ikiwa imebana. Ukibana sana tangu mwanzo, mota inalemewa na mkanda unateleza. Umeme ukikatika katikati ya kazi, usisubiri. Mashudu yakipoa ndani yanakuwa kama saruji. Legeza koni papo hapo na uzungushe puli kwa mkono mpaka kizimba kiwe tupu. Mashine isiyo na nafasi ya kuzungusha puli kwa mkono usiinunue, hata ikipunguzwa bei.

Udhaifu mkubwa ni uchakavu. Ganda la korosho linakwangua chuma kuliko mbegu ya alizeti, na vipande vya skrubu vya upande wa kutokea mashudu ndivyo vinavyoisha kwanza. Dalili zake: mashudu yanatoka manene yenye kulowa, mota inavuta ampea chache kuliko kawaida, na mafuta yanapungua ingawa ganda ni lilelile. Fundi mzuri wa kuchomelea anaweza kujazia kingo kwa vijiti vya chuma kigumu kisha zikakerezwa, lakini hakikisha vipande vya akiba vinakuja pamoja na mashine. Sili za mpira wa kawaida huvimba, na beringi iliyo karibu na kizimba huingiwa na mafuta, kwa hiyo iwe na kizuizi chake. Madumu na mapipa ya plastiki ngumu yanafaa kwa mafuta mabichi. Chuma kitupu hakifai, kwa sababu asidi inakila na mafuta yanazidi kuwa meusi.

Mafuta yanayotoka ni mazito na machafu. Yapitishe kwenye wavu, yaache yatulie siku kadhaa, kisha nyonya ya juu kwa mpira na kuacha tope chini.

Baadhi ya wauzaji huongeza pipa la kuchemshia ili asidi ya anakadi igeuke kadanoli, bidhaa inayotakiwa na viwanda vya gundi ngumu na rangi. Pipa hilo halistahili pesa yake likija bila kipimajoto na kikorogeo. Maji yatolewe kwanza kwa moto mdogo, joto lipite kidogo nyuzi 100, la sivyo mafuta yanaruka. Kisha panda hadi nyuzi 180 au 200. Hapo asidi inaachia kaboni dioksidi na povu linapanda kwa kasi, kwa hiyo pipa lisijazwe zaidi ya nusu. Uzito unapungua kama kilo 7 au 8 kwa kila kilo 100, na huo si wizi wa mfanyakazi, ni gesi iliyoondoka. Ukizidisha moto au muda, mafuta yanashikana na kuwa lami isiyouzika. Kwa anayeanza, kuuza mafuta mabichi yaliyotulia ni salama zaidi.

Vifaa vya kinga havimo kwenye kasha, navyo vihesabiwe katika gharama: glavu ndefu zisizopitisha mafuta, aproni, miwani, na mafuta ya nyonyo ya kupaka mikononi kabla ya kazi. Banda liwe wazi pande mbili. Watoto wasibebe maganda. Mashudu bado yana mafuta, hivyo yanafaa tanuri la boila lenye bomba refu la moshi, si jiko la nyumbani, wala si zizi.

Mashine hii inamfaa kikundi au kiwanda kidogo kinachobangua chenyewe kwa mvuke na chenye ganda la kutosha kuendesha skrubu siku nyingi baada ya msimu. Haimfai mkulima anayeuza ghafi mnadani, kwa sababu ganda lake linapanda meli pamoja na punje kwenda India na Vietnam, na mafuta yanakamuliwa huko. Soko la karibu lipo pia kwa kiasi kidogo: nguzo na mbao dhidi ya mchwa, na mafundi wa mashua wa Mikindani waliozoea kupaka sifa, yaani mafuta ya samaki, wanaweza kupewa dumu moja walijaribu kwenye mbao.

Kabla ya kulipa, peleka gunia 2 za ganda lako mwenyewe, lililokauka, uone mashine ikikamua kwa nusu saa bila kusimama. Alizeti ya muuzaji isikutoshe kama jaribio.