Uvimbe ulioninyang'anya harufu: uzoefu wangu wa upasuaji wa kichwa MOI

Pilau iliungua nikiwa nimesimama palepale jikoni, mwiko mkononi. Binti yangu alikuja mbio kutoka uani: "Mama, husikii harufu?" Sikusikia. Iliki na karafuu nilikuwa sizisikii kwa zaidi ya mwaka, na mafua sikuwa nayo.

Zahanati niliyoanzia waliniambia ni aleji, wakanipa dawa ya kupuliza puani. Nilirudi mara tatu, dawa ileile. Nilipofika MOI, taasisi ya upasuaji wa mifupa na ubongo pale Muhimbili, Dar es Salaam, daktari alinifumbisha macho, akaniziba tundu moja la pua na kuninusisha kahawa, kisha la pili. Patupu kote. Akanimulika ndani ya macho, akaandika MRI, kipimo cha kupiga picha ndani ya kichwa.

Ilikuwa meninjioma ya sentimita 5, imekaa juu ya paa la pua, chini ya ubongo wa mbele. Uvimbe huu hauoti ndani ya ubongo wenyewe bali kwenye utando unaoufunika, na hukua polepole mno, ubongo ukiupisha mwaka hadi mwaka. Ndiyo maana kichwa hakikuniuma sana. Neva za harufu ndizo zilizobanwa kwanza. Mume wangu alipomwambia daktari kwamba siku hizi nimepoa, sicheki, naacha jiko likiwaka, nililia palepale. Miye nilidhani ni uchovu tu, kumbe na hilo ni la uvimbe.

Ndugu walichangia damu. Mkato ulipita ndani ya nywele, sikio hadi sikio, wakafungua mfupa wa paji na kuurudishia. Nilipozinduka, nesi aliniuliza jina langu na siku ya leo. Nikajibu vyote, akanishika mkono. Uso huvimba, msishtuke: jicho langu la kulia halikufunguka siku mbili.

Majibu ya maabara yalisema daraja la 1, si saratani. Bado napigwa MRI kila mwaka, kwani hata meninjioma ya daraja hilo inaweza kuota tena.

Ucheshi wangu umerudi. Harufu haijarudi, na daktari alinieleza hivyo kabla sijasaini fomu. Ungegunduliwa mdogo, pengine ingebaki. Kwa hiyo wewe uliyepoteza harufu miezi kadhaa bila mafua, usikubali dawa ya pua mara ya tatu; omba kichwa kipigwe picha.

Pilau bado napika. Binti yangu huinamia sufuria, nami namuuliza kama iliki imetosha.