Breath of the Wild: Gemu Inayokuacha Upotee | Uchambuzi Kutoka Mwanza

Mwangaluka wana Mwanza! Wa Bukoba, Musoma, Geita, Ukerewe na kwingine kote, mambo vipi wakuu. Leo utangulizi ni mfupi kwa sababu nina furaha na hasira kwa pamoja, na chanzo ni hiki kikaseti hapa mkononi. Mnakiona? The Legend of Zelda: Breath of the Wild, ya Nintendo Switch. Ndiyo, najua ilitoka tarehe 3 Machi 2017. Kuna mtu sasa hivi anaandika "kaka umechelewa". Andika tu mwanangu, komenti zinaisaidia chaneli.

Sifa za mashine sizisomi, zimejaa kila mahali. Nitasema moja tu, betri. Nintendo wenyewe wanakadiria kwamba Switch ya kwanza kabisa, ukicheza gemu hii, inakaa kama saa 3. Ile iliyoboreshwa ya mwaka 2019 inafika kama saa 5 na nusu. Kwa sisi ambao umeme una siku zake, tafuta ya pili. Tumemaliza, twende kwenye jambo lenyewe.

Kila laivu mnaniuliza: gemu za njia moja na gemu za dunia wazi, zipi kali? Njia moja maana yake unatoka hapa unaenda pale, mlango ukifungwa nyuma yako umefungwa, stori inasonga. Dunia wazi, unatupwa porini na ramani, ujijue.

Wengi wetu dunia wazi tuliijulia kwenye banda, PlayStation 2, GTA San Andreas ya mwaka 2004. Tunaapa ile ndiyo gemu yenye uhuru kuliko zote. Haya, wangapi mliwahi kuimalizia bandani? Kadi ya kuhifadhia imejaa, au kuna mtu kafuta, kwa hiyo kila ukilipia unaanza upya na ile baiskeli, unarudi Grove Street, muda umeisha, toka mwenzako akae. Mimi nimekua nikiamini Los Santos, ule mji wa kwanza, ndiyo gemu yote. Na ukijitia ujanja uvuke maji kwenda San Fierro, mji mwingine, kabla misheni hazijakufungulia, unapigwa nyota nne za polisi papo hapo. Kwa hiyo hata ile ilikuwa na ukuta wake, ila ukuta wenyewe umevaa sare.

Sasa tazameni skrini. Nimekaa na hii hapa muda mrefu kwa makusudi, msisogeze video mbele.

Mnauona huu mlima? Nipo chini kabisa. Hakuna ngazi, hakuna kamba, hakuna mshale unaowakawaka. Nasukuma pedi mbele tu, na jamaa anaanza kupanda. Hapa palipo wazi tu bila alama yoyote! Hili duara la kijani pembeni ni pumzi yake. Linapungua. Nikibonyeza aruke, linapungua haraka zaidi, oneni, limekatika kipande kizima. Likiisha anaachia na tunarudi chini kwa kishindo. Sasa niambieni, macho yangu yanafanya kazi gani hapa? Hayaangalii kona ya skrini kutafuta ramani. Yanaangalia mwamba. Natafuta palipojitokeza kidogo asimame, apumue. Pale kulia... kile kibapa. Tutafika? Tutafika. Duara limekuwa jekundu, usiangalie chini, twende, twende... haa! Amesimama. Subiri pumzi ijae.

Mtu aliyekulia Mabatini au Isamilo, ambaye kwenda dukani tu ni kupita kati ya majabali, hiki jamaa anachofanya hapa anakijua tangu ana miaka sita. Unasoma jiwe kwanza, ndipo unaweka mguu.

Tuendelee. Aaah, mvua! Sijaipanga hiyo, naapa. Mnaona? Anapanda hatua chache, anateleza, anarudi chini. Watu wengi wanaichukia mvua ya gemu hii, wamelalamika tangu 2017. Mimi naipenda, nitawaambia kwa nini. Kwa sababu mvua haikwambii "huruhusiwi kupita". Inakwambia "leo kuna gharama". Unaweza kusubiri chini ya mwamba, ukawasha moto kama una kuni, muda ukasonga. Unaweza kuzunguka mlima kwa miguu. Unaweza kubisha: unapanda hatua chache, unaruka kabla hajateleza, unakula chakula cha kuongeza pumzi huku unaning'inia. Na radi ikianza, vua upanga wa chuma mgongoni, la sivyo inakupiga wewe. Hakuna misheni iliyonifundisha hilo. Nilipigwa nikafundishika.

Haya tumefika juu. Sasa utamu wenyewe. Nabonyeza pedi ya kulia, darubini inatoka. Kule kuna kitu kinang'aa rangi ya chungwa, kihekalu hicho, yaani chumba cha majaribio, vipo 120 ramani nzima. Naweka pini. Kule moshi, kuna watu au maadui, pini. Kile kilima kimeziba nini nyuma yake? Sijui. Pini. Mmeona nani kaweka alama kwenye ramani? Mimi! Kwa macho yangu.

Na hii haikutokea kwa bahati. Watengenezaji walieleza kwenye mkutano wa wataalamu wa gemu huko Japani mwaka huohuo wa 2017 kwamba ardhi waliipanga kwa pembetatu. Vilima vikubwa vinazuia usione kila kitu kwa mara moja, na kila kimoja kinakuuliza, unanipanda au unanizunguka? Ukizunguka, kitu kilichokuwa kimefichwa kinajitokeza kidogokidogo. Ukipanda, unakiona chote kwa mpigo. Hata umbali, mkurugenzi wake Hidemaro Fujibayashi alichukua ramani ya Kyoto, mji anaoujua, akaitumia kupimia ukubwa wa dunia yake. Ningepewa mimi ningeweka Kirumba mpaka Igoma, halafu ziwa lote lile, tuone nani anamaliza.

Halafu kuna minara ya kupanda ili ufungue ramani, ipo 15, najua mtasema hata Assassin's Creed ilikuwa na minara tangu 2007. Ilikuwa nayo. Ila kule ukipanda mnara, ramani inamwagikiwa na alama, sanduku hapa, misheni pale, kusanya hiki. Hapa mnara unakupa milima na mito tu. Yaliyomo utayajua ukifika.

Na hapa ndipo hasira yangu inapoanzia. Siku chache kabla ya hii, mwishoni mwa Februari 2017, ilitoka Horizon Zero Dawn ya PlayStation. Gemu nzuri, picha kali, yale madude ya chuma yanatisha kweli. Lakini kupanda! Unapanda pale tu walipokupakia rangi ya njano. Jabali zima liko mbele yako, lina mashimo, lina nyufa, mtoto yeyote wa hapa Mwanza angelipanda na ndoo kichwani, na huyo dada shujaa anarukaruka chini, hashiki kitu. Mpaka umtafutie mstari wa njano. Sasa hiyo dunia ni wazi kwa nani? Una uwanja wa kilomita na kilomita, lakini jicho lako limefungwa kwenye mshale na rangi. Hiyo kwangu ni gemu ya njia moja iliyopandwa majani pembeni, na sitaki mtu anibishie. Haya, bishaneni, lakini kwa adabu.

Kitu ambacho watu hawakizungumzi ni kwamba Zelda yenyewe inaanza kwa kukufungia. Link, yule jamaa tunayemchezesha, anaamka baada ya miaka 100, anatoka pangoni, kamera inakuonyesha nchi nzima, unasema haya niachieni. Wapi! Upo juu ya Great Plateau, uwanda umezungukwa na maporomoko, ukiruka umekufa. Kuna mzee pale na moto wake, anataka uingie vihekalu vinne ndipo akupe kile kitambaa cha kuelea angani. Ni shule kabisa. Lakini shule ya aina yake, maana kimoja kati ya vile vinne kiko kwenye baridi kali, na hawakwambii uvuke vipi. Mimi nilikula pilipili. Mdogo wangu alikimbia na mwenge unaowaka. Kuna wanaopata koti kwa yule mzee. Wote tumefika. Na ndani ya uwanda huohuo unakabidhiwa nguvu zako zote kubwa: mabomu, sumaku, kusimamisha vitu, kugandisha maji. Ukishatoka, hakuna mlango tena unaosubiri ufunguo. Unaweza kwenda moja kwa moja kumpiga bosi wa mwisho, Ganon, na mioyo yako mitatu. Utakula kichapo, kwa sababu wale mabosi wanne uliowaruka unawakuta wote kwenye ngome wamekupangia foleni. Lakini inawezekana. Kuna wataalamu wanamaliza gemu yote chini ya nusu saa.

Kuna kitu cha kulipia cha ziada, kinaitwa Hero's Path. Kinachora kwenye ramani njia uliyopita, hadi saa 200 za nyuma. Oneni yangu: nimetoka kwenye uwanda, nikaenda kusini nikapotea ufukweni huko siku nzima, nikarudi juu, nikakwepa jangwa kabisa. Sasa hii ya mdogo wangu, kaseti ileile, mashine ileile. Kaanzia magharibi! Huu mji hapa, mimi sikujua hata kama upo. Tunaishi nyumba moja na tumecheza gemu mbili.

Lakini nisiwadanganye, nikishaisifu hivi kuna usiku siitaki hata kuiona. Umerudi kazini, daladala ya Nyegezi imekubana, una saa moja ya kukaa. Zelda ukiiwasha saa hiyo imeisha unakusanya uyoga. Hapo naenda kwa The Last of Us, ya mwaka 2013, njia moja mwanzo mwisho, na siioni aibu. Mnakumbuka wale twiga? Twiga, mnyama wetu wa taifa, katikati ya mji uliokufa huko Marekani. Unapita ukuta uliobomoka, hao hapo. Waliokutengenezea wanajua umetoka kwenye nini dakika kumi zilizopita, wanajua yule binti unayesafiri naye amenyamaza muda gani, wanajua macho yako yatatua wapi. Twiga haohao ungewakuta Zelda, ungempita mmoja kwa mbali ukiwa juu ya farasi, ukamtia mshale upate nyama.

Hata stori ya Zelda hapo ndipo inapokatika miguu. Kumbukumbu za Link zimetawanywa nchi nzima, unazipata kwa mpangilio wowote. Mimi ile ya kilio niliiona kabla ya nyingi za kufahamiana. Nipo pale namtazama binti wa mfalme analia kwenye mvua, sijui hata tumegombana lini.

Kwa hiyo mkinibana nichague, mimi sichagui kati ya hizo mbili. Ninachokikataa ni kile cha katikati. Kama unanipeleka, nipeleke. Kama umeniacha, niache. Usiniambie niko huru halafu kila hatua kuna sauti inanikumbusha nimfuate fulani.

Silaha, naomba nizitukane kidogo. Zinavunjika! Umepata upanga mzuri, unapiga maadui wachache, pwaa, vipande. Najua sababu yao, wanataka uendelee kuzunguka utafute nyingine. Sijali. Inakera.

Bei. Ilianza kwa dola 60 huko Marekani, piga hesabu ni kama laki na nusu kabla ya usafiri, na kaseti za Nintendo ni ving'ang'anizi, hazishuki. Hiyo Hero's Path iko kwenye nyongeza ya dola 20, na hiyo unaishusha kwa bando. Switch 2 iliyotoka Juni 2025 kwa dola 450 inaicheza hii vizuri zaidi, ila unalipia dola 10 kwa toleo lililoboreshwa. Mimi nawaambia, tafuta kaseti iliyotumika. Gemu yenyewe ni zaidi ya GB 13, kwenye kaseti unachomeka unacheza, bando lako linabaki salama, na ukimaliza unamuuzia mwenzako. Halafu usiilambe. Sitanii, wameipaka dawa chungu ili watoto wasimeze. Mdogo wangu amethibitisha.

Na wanaouliza kama inaingia PlayStation: haiingii, iache ipite.

Ijumaa saa 3 usiku tupo laivu, Mungu akijalia umeme. Nafungua faili jipya, nikishuka tu kwenye ule uwanda ninyi ndio mnapiga kura tuelekee upande gani. Kaskazini, kusini, andikeni hapo chini. Wale wa "nenda kwa Ganon uchi" nimeshawaona, mko wengi, na nadhani mtashinda.