Mapitio ya Fomu ya Idhini ya Modeli ya Getty Images: Inamfaa Nani, na Nani Ajihadhari Nayo

Fomu ya idhini ya modeli, yaani waraka ambao mtu aliyepigwa picha huusaini kuruhusu sura yake itumike, inayotolewa na wakala wa kuuza leseni za picha Getty Images, hupatikana bila malipo, ni fupi, na wapigapicha huichukua hata kwa kazi ambazo hazitafika kamwe kwa wakala huyo. Sifa zake kwa upande wa mpigapicha zimekwisha kusemwa vya kutosha. Mapitio haya yanaisoma kwa macho ya watu wengine wawili ambao nao inawagusa: yule ambaye uso wake umo katika picha, na yule aliyelipa ili picha ipigwe. Maoni yangu ni kwamba huu ni waraka mzuri kwa kazi moja tu, nayo ni kuingiza picha katika soko la matangazo ya biashara. Nje ya kazi hiyo, humchukulia modeli zaidi ya anavyodhani kuwa ametoa, na juu ya haki za mteja hausemi neno.

Nianze na kinachostahili kusifiwa. Matini kuu ya toleo lililotumika kwa miaka mingi inatosha katika ukurasa mmoja, na maneno yanayobeba uzito wa kisheria yamefasiriwa papo hapo, kiasi kwamba msomaji asiye mwanasheria akitulia anaweza kuelewa anaombwa nini. Kuna nafasi ya saini ya modeli, ya mpigapicha na ya shahidi, kuna sehemu ya mzazi au mlezi pale modeli anapokuwa mtoto, na kuna mahali pa tarehe ya kupigwa picha. Jambo ninaloliona kuwa la busara kuliko yote ni nafasi ya kubandika picha ndogo ya modeli. Majina hufanana, na watu hubadili majina. Ubishi ukizuka miaka kumi baadaye, ni picha hiyo ndogo inayounganisha saini na uso.

Kifungu kinachowashtua wengi ni kile ambacho modeli anakiri kwamba hana haki yoyote juu ya picha hizo, na kwamba haki zote ni za mpigapicha na wale atakaowahamishia. Msomaji wa mara ya kwanza huhisi kwamba hapo ndipo anaponyang'anywa picha yake. Kwa kweli, katika nchi nyingi modeli hapotezi hakimiliki kwa kifungu hicho, kwa sababu hakuwa nayo tangu mwanzo. Mnamo 1884 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua shauri lililohusu picha ya mwandishi Oscar Wilde iliyopigwa na Napoleon Sarony, na ikakubali kwamba mpigapicha aliyepanga mkao, mavazi, mwanga na kivuli ni mtunzi kamili wa kazi yake. Uso ulikuwa wa Wilde, hakimiliki ikawa ya Sarony. Msimamo huo bado una nguvu: mwaka 2019 mwanamitindo Gigi Hadid alishtakiwa kwa kuweka katika ukurasa wake wa Instagram picha yake mwenyewe iliyopigwa na mtu mwingine barabarani. Kesi hiyo ilitupwa kwa sababu hakimiliki ilikuwa haijasajiliwa, jambo ambalo sheria ya Marekani hulidai kabla ya kufungua shauri. Haikutupwa kwa hoja kwamba aliyeonekana pichani ana haki ya kuitumia.

Kwa hiyo anachokitoa modeli katika fomu hii ni kitu kingine kabisa: ruhusa ya sura yake kutumika. Ruhusa hiyo ina historia yake. Mwaka 1902 mahakama ya juu kabisa ya jimbo la New York ilikataa dai la msichana ambaye picha yake ilichapishwa kwenye mabango ya kutangaza unga bila ya yeye kuulizwa. Watu walikasirika, na mwaka uliofuata jimbo hilo likatunga sheria inayokataza kutumia jina au picha ya mtu aliye hai kwa matangazo au biashara bila idhini yake ya maandishi. Fomu za idhini kama hii zinajibu sharti la namna hiyo, na ndiyo maana gazeti linaweza kuchapisha picha ya mtu katika habari bila fomu, lakini kampuni ya sabuni haiwezi kuiweka picha hiyo hiyo kwenye pakiti. Mpigapicha mwenye hakimiliki na asiye na idhini ana mali asiyoweza kuiuza kwa watangazaji. Modeli mwenye sura na asiye na hakimiliki hawezi kuichapisha picha yake bila leseni. Kila mmoja ameshika nusu, na fomu hii inahamisha nusu ya modeli kwenda upande mmoja, bila kitu chochote kurudi zaidi ya malipo.

Na malipo yenyewe yanahitaji kuangaliwa kwa makini. Fomu inayafasiri kuwa ni dola 1 au kitu kingine chenye thamani ambacho modeli amekipokea ili kutoa haki hizo, na sentensi ya kwanza kabisa inamfanya akiri kwamba amekwisha kukipokea. Kisha, mbele kidogo, anakubali kwamba hatadai malipo zaidi wala hesabu ya mapato. Kisheria jambo hili linaeleweka, kwa kuwa katika sheria kama ya Marekani mkataba unahitaji pande zote mbili zitoe kitu. Kwa modeli, hata hivyo, maana yake ni kwamba anayetia saini asubuhi kwa ahadi ya kulipwa jioni amekwisha kuandika kwa mkono wake kwamba amelipwa. Ushauri wangu hapa hauna masharti: saini ifuate malipo, na ikiwa malipo ni picha za kujitangazia, basi zitajwe kwa maandishi, pamoja na idadi yake, tarehe ya kukabidhiwa, na mahali modeli anaporuhusiwa kuzitumia.

Sehemu nzito zaidi ni ile ya matumizi. Modeli anaruhusu picha itumike katika chombo chochote cha mawasiliano, kwa kusudi lolote isipokuwa la ponografia au la kukashifu, na anakubali ikatwe, ibadilishwe, na iunganishwe na maandishi au picha nyingine. Makatazo hayo mawili ni ya lazima, na nayapongeza, ila kati ya kashfa na tangazo la kawaida kuna uwanja mpana ambao fomu imeuacha wazi. Tangazo la dawa ya ugonjwa wa akili, la kampeni ya kisiasa, la kituo cha waraibu, la mahubiri ya dini ambayo modeli si muumini wake: hakuna hata moja kati ya hayo ambalo lazima liwe kashfa, na kila moja linaweza kumharibia mtu kazi au ndoa. Mawakala wenyewe hulijua tatizo hili, ndiyo sababu leseni zao kwa wanunuzi hudai kwamba picha ikitumika katika jambo nyeti, pawepo maelezo kwamba aliyeonekana ni modeli tu. Ulinzi huo ni mzuri, lakini upo katika mkataba kati ya wakala na mnunuzi. Modeli si sehemu ya mkataba huo, na fomu aliyoisaini haiutaji.

Ili kuona uzito wa jambo hili, mtu afikirie kilichotokea mwaka 2013. Idara ya haki za binadamu ya jimbo la New York ilichapisha tangazo kuhusu haki za watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, likiwa na picha ya mwanamke ambaye hakuwa na virusi hivyo. Picha ilitoka Getty Images, na mwanamke huyo alikuwa hajatia saini idhini yoyote. Alishtaki, na shauri lake dhidi ya wakala likamalizika kwa mapatano. Tukio hilo linaonyesha kwa nini wakala huisisitiza sana fomu hii. Linamwachia modeli swali zito zaidi: iwapo angekuwa ameitia saini, angekuwa na hoja gani mkononi? Angebaki na neno kashfa peke yake, na gharama ya kulithibitisha mahakamani.

Idhini hii haibatilishwi, haina mpaka wa nchi, haina mwisho, na inawafunga warithi. Nimesikia ikitetewa kwamba mtangazaji aliyechapisha mabango hawezi kuambiwa ayashushe kwa kuwa modeli amebadili mawazo, na utetezi huo una haki. Lakini kati ya kubatilisha kiholela na milele kuna miaka miwili, mitano au kumi, na mikataba ya wanamitindo wanaosimamiwa na mawakala wa mitindo huweka muda na eneo bila biashara kuanguka. Katika Umoja wa Ulaya, kanuni ya ulinzi wa data iliyoanza kutumika Mei 2018 inampa mtu haki ya kuondoa ridhaa yake wakati wowote pale ridhaa hiyo inapokuwa ndiyo msingi wa kutumia taarifa zake. Fomu hii, hata hivyo, imejengwa kama mkataba wenye malipo, na modeli asidhani kwamba barua moja ya kujiondoa itamtosha.

Kuhusu taarifa za asili ya kikabila ambazo fomu inaziomba, maelezo yake ni kwamba husaidia katika maneno ya kutafutia picha. Naona ni sawa kuziomba, na ni sawa vile vile modeli kutozijaza. Jambo jipya na kubwa zaidi ni akili bandia. Mwaka 2022 Getty Images ilitoa toleo lililoboreshwa linalozungumzia data za kibayometriki, yaani vipimo vya mwili kama vile vya uso, na matumizi ya picha katika kufundishia mashine, hatua ninayoiheshimu, kwani fomu za zamani zilinyamaza kabisa. Anayepewa fomu leo aulize ni toleo gani, kwa sababu matoleo ya zamani bado yamo katika kompyuta za wapigapicha, na maneno "kusudi lolote" yaliyoandikwa kabla ya teknolojia hiyo yanaweza kusomwa kuwa yanaihusu pia.

Nageukia mteja, yaani aliyeagiza na kulipia picha za arusi, za familia, za wasifu wa kazi au za bidhaa zake. Hapa fomu hii haifai hata kidogo, na inasikitisha kuona ikiwekwa mezani kana kwamba ndiyo mkataba wa kazi. Haisemi mteja atapata nini. Haisemi kama anaweza kuchapisha, kuhariri, au kutumia picha kuuza bidhaa. Kinachofanya ukimya huo uwe hatari ni kwamba sheria hazifanani. Nchini India na Afrika Kusini, mtu aliyeagiza picha na kuilipia ndiye mmiliki wa kwanza wa hakimiliki, isipokuwa wamekubaliana vinginevyo. Kanada nayo ilikuwa hivyo hadi mwaka 2012, ilipobadili sheria na kumpa mpigapicha. Uingereza humpa mpigapicha tangu Agosti 1989, lakini sheria yake ya 1988 inamwachia aliyeagiza picha kwa shughuli za binafsi na za nyumbani haki ya kuzuia zisisambazwe wala kuonyeshwa hadharani. Marekani mpigapicha wa kujitegemea hubaki na hakimiliki mpaka aihamishe kwa maandishi yenye saini, na sheria inasema wazi kwamba kumiliki nakala si kumiliki hakimiliki. Kupokea mafaili yote, hata yale ghafi, hakumpi mteja haki asiyoandikiwa.

Mteja anayesaini fomu hii akidhani ni ya kupokelea picha zake anaweza kuwa ameruhusu sura yake na za wanawe zitangaze bima, katika nchi asiyoijua, bila kulipwa tena. Anachohitaji ni mkataba wa huduma unaotaja leseni kwa majina ya matumizi yenyewe, na kando yake ruhusa ya hiari, inayosainiwa kivyake, kama mpigapicha anataka kuonyesha picha hizo katika ukurasa wa kazi zake. Ruhusa hiyo ikifungwa ndani ya mkataba mmoja na malipo, haiwi ya hiari tena.

Naye mteja mwenye biashara akumbuke upande wa pili. Mwaka 2007 kampuni ya simu ya Virgin Mobile nchini Australia ilitumia katika tangazo picha ya msichana Mmarekani iliyokuwa imewekwa katika Flickr, mtandao wa kuonyesha picha, kwa leseni huria ya Creative Commons. Leseni iliruhusu picha kutumika hata kibiashara. Msichana mwenyewe hakuwa ameruhusu chochote, na familia yake ilifungua kesi, ambayo baadaye ilitupwa kwa sababu za mamlaka ya mahakama. Anayenunua picha kwa tangazo aombe vitu viwili, leseni kutoka kwa mwenye hakimiliki na idhini kutoka kwa mwenye sura, na asikubali kimoja kisimame badala ya kingine.

Kwa picha za soko la matangazo, modeli akiwa mtu mzima, amelipwa na amesoma, naipendekeza fomu hii bila kusita. Kwa mazoezi ya kubadilishana kazi kati ya modeli na mpigapicha wanaoanza, ninaipendekeza tu ikiongezewa mwisho wa muda, orodha ya mada zilizokatazwa na sentensi kuhusu akili bandia, kila nyongeza ikiwa na saini fupi za pande zote mbili. Wakala huweza kuikataa fomu iliyorekebishwa, na mpigapicha alijue hilo mapema. Kwa mtoto, mzazi asiisaini siku hiyo hiyo ya kupiga picha, bali aende nayo nyumbani na, ikiwezekana, kwa wakili. Kwa arusi na picha za familia, isikubaliwe. Na kwa kuwa maandishi yake hayamlazimishi mpigapicha kumpa modeli nakala, modeli aipige picha kwa simu yake, kurasa zote, saini zikiwa zimekamilika, kabla hajaondoka.