Uzoefu wangu wa kutafuta wadau wa muziki katika Sauti za Busara

Kwa msanii wa Zanzibar asiye na meneja wala kampuni ya kurikodi, Sauti za Busara ndiyo nafasi iliyo karibu zaidi ya kukutana ana kwa ana na watu wanaoalika wanamuziki kwenye matamasha yao. Tamasha hili limekuwa likifanyika Mji Mkongwe mwezi wa Februari tangu mwaka 2004, isipokuwa mwaka 2016 ambapo halikufanyika kwa kukosa fedha. Mimi hupiga fidla katika kikundi cha kidumbak, muziki wa Zanzibar ulio ndugu wa taarabu, huko Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, na ninapokwenda Ngome Kongwe, kwenye jukwaa kuu la tamasha, huwa nakwenda kutafuta kazi, kwa hiyo tathmini yangu inahusu upande huo tu. Kuhusu uzuri wa jukwaa na shamrashamra za usiku wapo wengi waliokwisha kusema.

Jambo linalomfaa msanii mdogo hapa ni sharti la kila mwanamuziki kupiga na kuimba moja kwa moja jukwaani, bila ya kuimba juu ya muziki uliorikodiwa. Sharti hilo hubadilisha hata mazungumzo ya pembeni, kwa sababu waandaaji wanaovutiwa na tamasha la namna hii mara nyingi hawaanzi kuuliza una wafuasi wangapi mtandaoni, bali huuliza mko wangapi jukwaani, mnahitaji maikrofoni ngapi, na kama ipo video ya onyesho lenu isiyokatwakatwa. Ndiyo maana nimezoea kutembea na karatasi moja yenye mchoro wa jukwaa letu, inayoonyesha nani anakaa wapi na chombo chake kinahitaji nini. Karatasi hiyo imenifaa kuliko kadi zote za jina nilizowahi kuchapisha.

Mkutano wa mchana unaoitwa Movers & Shakers, unaowakusanya wasanii na wadau, ni mzuri kwa kujua nani amekuja na anatafuta nini, na anayetaka kujitambulisha asiukose. Hata hivyo, kwa maoni yangu, mtu mwenye manufaa zaidi ni yule ambaye wasanii wengi humpita bila ya hata kumsalimu, yaani fundi sauti. Jioni moja tulikuwa tumetoka kupiga kwenye hoteli moja ya Shangani, vyombo vyetu tukiwa navyo, tukazungumza na fundi aliyefuatana na bendi ya kigeni. Alikuwa hajapata kuliona sanduku, lile boksi la mbao lenye mti na uzi mmoja linalotupa besi. Alipiga magoti, akaligonga kwa kidole ubao baada ya ubao mpaka akapata pahala panaponguruma, kisha akamtaka mpigaji wetu aukaze na kuulegeza mti huku yeye ametega sikio. Swali lake lilikuwa moja tu: maikrofoni iwekwe wapi ili inase uzi bila ya kunasa kishindo cha mguu unaolishikilia sanduku? Tulijadili hilo kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kuzungumza na mkurugenzi yeyote. Baadaye akaniomba video yetu, akampelekea mratibu wa tamasha analofanya naye kazi, mtu ambaye nilikuwa nimemwandikia kabla ya hapo asinijibu. Mafundi huzunguka na bendi nyingi, hujua nani amejitoa na nani anatafutwa, na neno lao huaminiwa kwa sababu hawana cha kuuza.

Nimewahi pia kuhudhuria mkutano wa muziki huko bara, ambao sitautaja jina, uliotoza kiingilio kikubwa na kufanyika katika ukumbi wa hoteli. Wazungumzaji walishuka jukwaani wakaondoka kupitia mlango wa nyuma, na sisi wengine tukabaki kupeana namba za simu. Sikuona thamani ya fedha yangu.

Gharama za Busara kwa sisi wenyeji ni ndogo, lakini si kwa kila mwenyeji. Februari ni msimu wa watalii, vyumba vya Mji Mkongwe huwa ghali, na mpiga ngoma wetu anayetoka Wete, Pemba, hulazimika kulipa nauli ya boti na kulala kwa jamaa zake. Ieleweke pia kwamba maombi ya kupanda jukwaani hufungwa miezi mingi kabla ya tamasha, kwa hiyo anayekuja Februari akitarajia kuingizwa kwenye ratiba ya mwaka huo huo atarudi mikono mitupu.

Wageni wengi wanaokuja na hamu ya muziki wetu humtaja kwanza Bi Kidude, mwimbaji maarufu wa Zanzibar aliyetunukiwa mwaka 2005 tuzo ya WOMEX, soko la kimataifa la muziki, na zamani nilikuwa nikichoshwa na hilo. Siku hizi hulitumia kama mlango wa kuelezea tofauti ya kidumbak na taarabu ya vikundi vikubwa, jambo ambalo huwafanya wakae kusikiliza. Kabla ya kumpa mtu nyimbo zetu huhakikisha zimesajiliwa, na kwa upande wa Zanzibar hilo hushughulikiwa na COSOZA, taasisi ya hakimiliki ya huku kwetu, si COSOTA ya bara.

Kuhusu fedha, huuliza mapema. Katika masoko makubwa ya muziki ya Ulaya, kuchaguliwa kujionyesha hakumaanishi kwamba utalipiwa safari, na nimewaona wenzangu wakishangilia barua ya mwaliko ambayo hawakuweza kuitumia. Kwa hiyo mtu akinitamkia mwaliko, humuuliza hapo hapo nani atalipa tiketi na viza, na sanduku litasafirishwaje. Mwenye nia hujibu, au hunitajia mfadhili wa kumwandikia. Anayesema tutaonana mtandaoni huwa namshukuru, kisha nakwenda kumtafuta fundi sauti.