Hadteli ya bei ya kati kwa njia za Dodoma: kagua rimu kabla ya rangi

Karibuni tena wadau. Baiskeli ya leo iko hapa kwenye stendi, na kama mnavyoona, jina la kampuni nimelifunika kwa tepu nyeusi. Nimefanya makusudi. Trek, Giant, Merida, Specialized, Scott, wote wanauza baiskeli ya namna hii, hadteli: fremu ya alumini, shokapu mbele tu, nyuma imekaza, magurudumu ya inchi 29. Mkiliona jina mtabishania jina, na mimi leo nataka tuangalie vipuri.

Bajeti yetu ni milioni mbili hadi tatu na nusu. Kazi yake ni krosikantri, yaani mwendo mrefu wa kupanda na kushuka, vumbi, changarawe na mchanga wa korongo. Fikirieni kutoka mjini kupandisha Ntyuka kuelekea Mvumi, au siku nzima kuzunguka upande wa Hombolo. Kuruka magenge si kazi yake, kwa hiyo mambo ya shokapu za kushuka milimita 140 tuyaache.

Uzito na saizi navipita haraka. Nyingi za bei hii zina kilo 13 au 14, na saizi unaipima ukiwa umesimama juu yake: bomba la juu likuachie nafasi ya vidole vitatu au zaidi. Tusogee kwenye kitu kinachonifanya niwashe kamera leo, nacho ni rimu.

Dodoma tuna mbigili. Mvua zikishakata, ule mmea unaotambaa pembeni mwa njia unakauka na kuangusha vipande vya mbegu, kila kipande kina miiba mikali, na hata kikianguka vipi, mwiba mmoja unatazama juu. Ukiwa na tyubu za kawaida, kipande kimoja tu cha shamba kinatosha kukuketisha chini ya mbuyu na solusheni na kiraka mkononi. Ndiyo maana nasema, baiskeli ya bei hii ambayo rimu zake hazikubali tyubulesi, yaani tairi lisilo na tyubu ndani, kwa mkazi wa hapa, iache dukani hata kama imepakwa dhahabu.

Sogeza kamera. Tairi hii ni 29 kwa 2.25, haina tyubu, ndani ina mililita 100 za silanti, yale maji ya kuziba matundu, upepo psi 22. Kwenye kopo hili nina mbigili zangu. Nachukua moja, naiweka katikati ya meno mawili ya tairi, pale raba ilipo nyembamba, nabonyeza na kipande cha ubao. Imezama. Sikilizeni. Kimya, kwa sababu mwiba wenyewe umeziba tundu. Sasa nauchomoa kwa koleo. Hiyo! Mnaona yale maziwa yanavyochemka pale? Usihangaike kuziba kwa kidole. Zungusha gurudumu mpaka tundu liwe chini kabisa, maana silanti inakaa chini muda wote. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita... imekata. Geji inasema 21. Nimepoteza psi moja, na safari inaendelea.

Silanti ni maji maji ya raba yenye chembechembe ndani. Upepo unapotoka unaisukuma kwenye tundu, chembe zinajipanga, raba inakauka juu yake. Mbigili inaiweza bila shida. Mwiba mrefu wa mgunga mara nyingi inauweza pia. Tairi likichanika, au tundu likiwa nene kama msumari mkubwa, hapo utahitaji kijiti cha raba cha kuchomeka na ile sindano yake. Beba vitano, havina uzito. Na tyubu moja ya akiba bado inakaa kwenye mkoba, hilo halina mjadala.

Sasa utajuaje dukani? Muuzaji akisema "inakubali tyubulesi", mwombe akuoneshe maandishi kwenye rimu na kwenye tairi, vyote viwili. Rimu ikikubali na tairi lisikubali, ukingo wa tairi hauketi vizuri, na ukikata kona kali upepo unaponyoka ubavuni kwa mkupuo mmoja. Halafu muulize ndani kuna tepu gani. Baiskeli nyingi hutoka kiwandani zikiwa na tyubu na ule mkanda wa raba wa kufunika vichwa vya spoku. Mkanda huo hauzuii upepo. Unatakiwa kuutoa, kufuta rimu kwa spiriti mpaka ing'ae, kisha kuzungusha tepu ya tyubulesi iliyozidi upana wa ndani wa rimu kwa milimita mbili hadi tano, ukiivuta kwa nguvu, na mwisho ipandane sentimita kumi hivi kwenye tundu la valvu. Tundu litoboe kwa sindano iliyopashwa moto. Usitumie kisu, kinachana, na mchaniko hutambaa. Tepu ikikunjamana hata sehemu moja, upepo utapita kwenye matundu ya spoku na utamlaumu mwenye silanti bure.

Pampu ya mkono mara nyingi inashindwa kuliketisha tairi mara ya kwanza. Nenda kwa fundi pancha wa bodaboda mwenye kompresa, lakini beba kile kiunganishi kidogo cha shaba kinachogeuza valvu nyembamba iwe kama ya pikipiki. Paka kingo za tairi maji ya sabuni, mwambie fundi ajaze kidogokidogo. Utasikia pa! pa! Hizo ni kingo zinakaa. Usivuke psi iliyoandikwa kwenye tairi au kwenye rimu, ile iliyo ndogo kati ya hizo mbili. Kisha toa upepo, toa kiini cha valvu, mimina silanti kupitia valvu, rudisha kiini, jaza tena. Mtu wa kilo 70 aanze na 20 mbele na 23 nyuma, halafu asikilize. Rimu ikigonga jiwe, ongeza mbili.

Hewa yetu ni kavu, kwa hiyo silanti nayo inakauka mapema. Kila baada ya wiki sita tikisa gurudumu karibu na sikio. Usiposikia maji yanacheza, ongeza mililita 60.

Kabla sijasahau, waliouliza kuhusu kofia ngumu, video hiyo nimesharekodi na itapanda Jumamosi. Kama hujajiunga na chaneli, jiunge, maana mfululizo huu wa baiskeli una sehemu nne.

Tuje kwenye foku, yaani ile shokapu ya mbele. Hapa nina jambo moja tu: iwe ya hewa. Foku ya springi kama SR Suntour XCM inazidi kilo mbili, na springi yake imechaguliwa kwa mtu wa uzito wa wastani. Wewe wa kilo 55 utaikuta ngumu kama fremu, wewe wa kilo 95 utaimaliza kila shimo. RockShox Judy ni nzuri, ila ipo ya springi na ipo ya hewa, kwa hiyo jina halitoshi. Fungua kifuniko cha juu cha mguu wa kushoto. Ukiona valvu, ni ya hewa. Ukiipata, irekebishe siku hiyohiyo: panda ukiwa na maji na mkoba, sukuma ile pete ya raba iliyo kwenye nguzo ya foku hadi chini, kaa ulivyozoea kukaa, shuka taratibu, pima pete imesogea kiasi gani. Foku ya milimita 100 ishuke 15 hadi 20. Na kila ukirudi, futa zile nguzo zinazong'aa kwa kitambaa kikavu, maana vumbi letu likipita kwenye sili linazikwangua kama msasa.

Kwenye gia nilipoanza kuandaa video hii nilikuwa upande wa spidi 12. Nimeigeuza hii baiskeli wiki nzima hapa, na sasa kwa mtu wa Dodoma naegemea spidi 11, Shimano Deore M5100, kaseti, yaani rundo la gia za nyuma, ya meno 11 hadi 51. Sababu ni habu, kitovu cha gurudumu la nyuma. Kaseti hiyo inaingia kwenye habu ya kawaida ambayo inapokea pia kaseti za milimani za spidi nane, tisa na kumi. Deore ya spidi 12 inadai habu ya Micro Spline, ya meno ya namna nyingine, na siku kaseti imekwisha utasubiri. SRAM SX Eagle na NX Eagle, hizo ni spidi 12 na zinakaa kwenye habu ya kawaida, ni haki kuwapa sifa yao. Cheni usiipake oili ya injini. Oili na vumbi vikikutana vinasaga meno. Tumia kilainishi cha ukame, tone moja kwa kila pingili, acha, kisha futa nje pakauke.

Breki ziwe za diski za mafuta. Shimano MT200 inatosha kabisa, sisemi zaidi.

Najua kuna anayesema, kwa nusu ya pesa hiyo napata ya mtumba kutoka Ulaya. Fremu za mtumba ni imara kweli. Lakini nyingi ni inchi 26, na tairi nzuri za tyubulesi za saizi hiyo zinazidi kuadimika. Halafu angalia bomba la kichwa: kama juu na chini ni nene sawasawa, foku nyingi za kisasa hazitaingia. Kwenye hii, tazama, chini ni pana kuliko juu, na gurudumu la mbele limeshikwa na ekseli nene ya milimita 15 inayopenya moja kwa moja. Fremu ya hivi unaweza kuibadilishia foku baada ya miaka mitatu.

Kwenye bei, usipigane na muuzaji akupunguzie elfu hamsini. Mwambie bei ibaki, lakini akupe tepu, valvu mbili, silanti na pampu ndogo ya foku. Hivyo ndivyo vitu utakavyovitafuta Kariakoo na kulipia usafiri. Akikataa vyote, dai pampu ya foku kwanza, kwa sababu kompresa ya fundi pancha haifai kwa foku hata kidogo.

Wiki ijayo naifungua foku hii chini, nabadilisha oili na sponji zake, kazi inayotakiwa kila baada ya saa 50 za kuendesha. Tafuta spana L ya milimita tano, nyundo ya raba na beseni, tufanye pamoja.