Siku sita kwa gari la kukodi katika fyodi za Norwei: uzoefu wangu

Mwishoni mwa Juni mimi na mdogo wangu wa kike, ambaye anasoma Bergen, tulikodi gari dogo la umeme mjini humo na kulirudisha Ålesund baada ya siku sita. Ninawaandikia wanaojiuliza kama ni afadhali kujiendesha wenyewe katika milima na fyodi za Norwei, yaani zile hori za bahari zilizopenya mbali ndani ya nchi katikati ya majabali, au kujiunga na ziara ya basi. Kwangu mimi kujiendesha kulifaa sana, kwa sharti moja: usiitii ramani ya simu, kwa sababu ramani hutafuta njia fupi, na njia fupi nchini Norwei aghalabu hupita tumboni mwa mlima.

Tulilifahamu hilo kati ya Aurland na Lærdal. Handaki la Lærdal, lililofunguliwa mwaka 2000, lina urefu wa kilomita 24.5, na ndani yake zimechongwa kumbi tatu zenye mwanga wa buluu ili kumwondolea dereva uchovu. Ni kazi ya uhandisi ya kustaajabisha, lakini mtazamaji haoni kitu isipokuwa mwamba. Sisi tulipanda barabara ya zamani ya Aurlandsfjellet, ambayo hufungwa majira ya baridi, tukasimama kwanza Stegastein, jukwaa linalochomoza mita 30 kutoka ubavuni mwa mlima, mita 650 juu ya maji, ambalo ncha yake imezibwa kwa kioo tu. Mdogo wangu alikifikia kioo hicho. Mimi niliishia katikati na kusema kwamba ninapiga picha. Juu zaidi, theluji ilikuwa bado imesimama kama ukuta pande zote mbili za barabara, na kondoo walikuwa wamelala juu ya lami bila kujali honi. Tulifika huko betri ikiwa imebaki asilimia 41, nikaanza kujuta, kumbe gari la umeme hujichaji linapoteremka: tuliingia Lærdal tukiwa na asilimia 46.

Kuendesha kwenyewe si kugumu kama nilivyohofia. Nimekulia Iringa na kona za Kitonga nazifahamu, hivyo milima haikunitisha, kilichonisumbua ni kushika upande wa kulia, na kwa siku mbili za mwanzo kila tulipokaribia mzunguko nilisikia, "Kaka, kulia!" Barabara nyingi za kandokando ya fyodi ni nyembamba kiasi kwamba magari mawili hayapishani, ila kuna sehemu za kupishania zilizowekewa kibao chenye herufi M, na wenyeji hukaa hapo kwa subira hadi upite. Taa huwashwa hata mchana. Kiwango cha pombe kinachoruhusiwa ni gramu 0.2 kwa lita moja ya damu, ambacho maana yake ni kutokunywa kabisa.

Vivuko ni sehemu ya barabara, na nilivipenda kuliko nilivyotarajia. Aliyezoea foleni ya pantoni Kigamboni atashangaa kuona hakuna anayekata tiketi: kati ya Fodnes na Mannheller kamera ilisoma namba ya gari, tukavuka Sognefjord, fyodi yenye urefu unaozidi kilomita 200 na kina kinachopita mita 1,300, kwa muda usiotosha kumaliza kikombe cha kahawa. Uzito ulikuja baadaye. Kampuni tuliyokodi gari kwake ilinitumia bili ya tozo za barabara na vivuko wiki kadhaa baada ya safari, na juu ya kila tozo iliongeza ada yake ya huduma, jambo ambalo kaunta hatukuambiwa. Ada ya kurudisha gari katika mji mwingine nayo ilikuwa kubwa, ingawa hiyo tuliijua mapema. Uliza mambo yote mawili kabla ya kutia saini.

Sehemu iliyonigusa zaidi haikuwa ile inayopigwa picha sana. Barabara ya Sognefjellet, iliyofunguliwa mwaka 1938, huanza kwenye bustani za matunda kando ya Lustrafjord na kupanda hadi mita 1,434, na ndiyo inayovuka milima kwa juu zaidi katika Ulaya ya Kaskazini. Hesabu hiyo ilinichekesha, kwa sababu Iringa mjini ni juu zaidi ya hapo na sisi tunalima mahindi, ilhali huku kwenye mwinuko huo palikuwa na ziwa lililoganda, mito ya barafu ikining'inia kwenye vilele, na si mti hata mmoja. Zamani wachuuzi walipitisha chumvi na samaki kwa farasi katika njia hii. Tulikaa huko saa tatu nzima, tukala mkate kwa ile jibini ya kahawia yenye utamu kama wa maziwa yaliyochemshwa yakakauka, na magari tuliyoyaona yalihesabika.

Geiranger ni pazuri, sikatai, na maporomoko ya Dada Saba yanastahili sifa zake, lakini siku tuliyofika meli kubwa za watalii zilikuwa zimetia nanga na kijiji kilijaa hadi pa kuegesha gari pakakosekana. Tulikimbilia juu kwa barabara ya Ørnevegen, yenye kona 11, na fyodi ilionekana vizuri zaidi kutoka juu. Trollstigen, barabara nyingine ya milimani iliyofunguliwa mwaka 1936, nayo ina kona 11. Tuliiteremka katika ukungu mzito, tukisikia maporomoko ya Stigfossen pasipo kuyaona. Hakikisha njia iko wazi kabla ya kuipangia siku, kwani mwaka 2024 ilifungwa katikati ya msimu kwa sababu ya mawe yaliyoporomoka.

Kama ningeipanga upya safari hii, ningeishia Lom, kijiji kilicho upande wa pili wa Sognefjellet, na kurudi Bergen kwa njia ileile, nikaokoa ada ya mji mwingine, na siku mbili zilizobaki ningezilala Lustrafjord.