"Dada, mlete shemeji": uzoefu wangu na pawa saplai ya shilingi 40,000

Nimekaa na hasira hizi miezi kadhaa nikidhani zitapoa. Hazijapoa, kwa hiyo naandika.

Mimi nahariri video za harusi hapa Dar es Salaam, na kompyuta yangu ya mezani ndiyo shamba langu. Mwaka jana, masika yakielekea mwisho, ilianza kuzima yenyewe kila nikiipa kazi nzito. Nikaambiwa pawa saplai, kile kifaa kinachoigawia kompyuta umeme, imechoka. Nikaenda duka moja Kariakoo, duka kubwa lenye kiyoyozi na wateja wengi, nikaamini. Muuzaji akanitolea boksi limeandikwa wati 600 kwa herufi nene. Nilipolishika nikashtuka lilivyo jepesi, kama kopo la maziwa lililokwisha. Nikamuuliza. Akasema za siku hizi ndivyo zilivyo. Wepesi ule nimeukumbuka mara nyingi tangu siku hiyo, kwa sababu mkono wangu ulishajua jambo na mimi nikaukatalia.

Ilifanya kazi vizuri wiki tano, labda sita. Hilo nalisema ili haki itendeke.

Usiku mmoja nilikuwa natoa video ya sendofu. Taa zikafifia, zikarudi kwa nguvu, kisha nikasikia "paa!" ndani ya boksi, na harufu ikajaa chumba kizima, harufu ya samaki aliyechina akatupwa motoni. Nikachomoa waya ukutani mikono ikitetemeka. Asubuhi nikaazima pawa saplai ya jirani, nikaifunga. Kimya. Feni haikugeuka hata mzunguko mmoja. Madabodi, ubao mkuu wa kompyuta, ilikuwa imekufa, na diski zote mbili zimekufa nayo.

Mtaniuliza nakala. Nakala nilikuwa nayo! Sendofu ile niliiweka kwenye diski ya kwanza na nikainakili kwenye ya pili, kama tunavyofundishana. Lakini diski zote mbili zilikaa kwenye boksi moja la kompyuta, zikila umeme wa pawa saplai moja. Kilichoiua moja kiliiua na mwenzake dakika ileile. Na kwenye sendofu ile kuna bibi wa bi harusi, kasimama kwa fimbo, anamuasa mjukuu wake karibu dakika kumi, ukumbi mzima kimya. Kitu kile hakirudiwi. Huwezi kumrudisha bibi ukumbini ukamwambia sema tena.

Nikabeba boksi zima mpaka dukani. Muuzaji yuleyule. Hakuifungua, hakuinusa, hata macho hakuyatoa kwenye simu. "Huo ni umeme wa nyumbani kwako, dada." Nikamwambia kaka, pawa saplai haina hata miezi miwili, risiti hii hapa. Akanyoosha kidole kwenye karatasi ya ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi. Nikaanza kumweleza mlio na harufu. Akanikata kauli, mbele ya wateja watano au sita: "Dada, mlete shemeji nimwelekeze yeye, mambo haya wewe yatakuchanganya."

Mlete shemeji. Nimefunga kompyuta zangu kwa mikono yangu miaka yote hii. Pawa saplai ile nimeinunua mwenyewe, kwa fedha ya kazi yangu, na mtu aliyeniuzia anataka aje mwanamume ndipo aeleze kwa nini mali yake imelipuka. Elfu 40 ningeweza kuisamehe. Neno lile bado linanikaba.

Sasa nieleze upande mwingine, maana bila huyu mzee ningekuwa nimeacha kazi. Kuna fundi wa siku nyingi kule Magomeni, wa redio na televisheni. Nikamwamkia, akaitikia, akasema, "Weka hapo mwanangu, tuione." Kabla ya kugusa chochote ndani ya pawa saplai alichukua balbu yenye nyaya mbili, akaigusisha kwenye kapasita kubwa. Akaniambia umeme wa ukutani wa volti 230 ukishanyooshwa humo ndani unafika zaidi ya volti 300, na kapasita ile huweza kuushikilia hata umechomoa waya. Tafadhalini msifungue kitu hiki nyumbani kwa bisibisi na ujasiri.

Kisha akanionyesha. Pale umeme unapoingia, ubaoni kumechorwa nafasi za koili na kapasita ndogo za kuchuja umeme. Alama zipo, vifaa havipo. Penye koili wameunga kipande cha waya. Bati la kupoozea limekuwa jembamba mno, na transfoma ni ndogo kiasi kwamba, kwa maneno yake, hata nusu ya wati zile isingeweza kuzihimili kwa muda mrefu. Kapasita za upande unaolisha kompyuta zilikuwa zimepasuka vichwa. Kazi ya kifaa hiki, akasema, ni kutoa volti 12, volti 5 na volti 3.3, na zisipande wala kushuka zaidi ya asilimia 5. Zikipanda, iliyotengenezwa vizuri inajizima yenyewe kabla hazijamdhuru mtu. Hii haikuwa na cha kuizima. "Pawa saplai nzuri hufa peke yake, mwanangu. Hii imekufa na watu wake."

Nikamuuliza kama kweli ni umeme wa nyumbani. Akasema kutikisika kwa umeme huenda ndiko kulikoianzishia, hakukataa. Lakini kati ya ukuta na diski zangu kuna kifaa kimoja kinacholipiwa ili kuzuia hilo hilo, na ndicho nilichouziwa.

Diski ya kwanza aliigeuza, akapima kwa multimita karibu na pale waya unapochomekwa, akapata diodi ndogo, hata punje ya mchele ni kubwa. Kazi yake ni kujitoa mhanga: volti zikizidi inajigeuza njia ya mkato, umeme unaishia kwake. Akaiondoa. Akaniambia sasa diski haina mlinzi, tuiwashe kwa pawa saplai ya kuaminika na tuhamishe kila kitu papo hapo. Ikazunguka. Niliposikia ule mlio wake mdogo nililia pale kibandani, sioni aibu kusema. Bibi yumo, dakika zote kumi. Diski ya pili ubao wake uliungua kabisa, na kazi zangu za miaka minne zimo humo hadi leo.

Nilitaka kuwa mwadilifu hapa. Nilikuwa nimeandika kwamba kwa mtu wa kuchapa barua tu, asiye na kadi ya video, pengine boksi lile lingemfaa. Nafuta. Mwenye kuchapa barua naye ana picha za wanawe kwenye diski. Hata kwa bure msilichukue.

Kuhusu duka sina hakika niseme nini, maana baadaye nilirudi. Nilikwenda na pawa saplai ikiwa imefunguliwa, nikaiweka juu ya kaunta, nikamwonyesha palipokosa koili, vipande vya waya, kapasita zilizopasuka, kimoja baada ya kingine. Wateja wakasogea kuangalia. Kijana mmoja akalirudisha boksi la kwake alilokuwa ameshalishika. Muuzaji safari hii simu aliiweka chini. Hakusema habari ya shemeji. Akasema samahani dada, kwa sauti ya chini, na nilikaribia kumwelewa, kwa sababu huenda naye hajawahi kuona kilichomo ndani ya anachouza.

Kisha akainama, akatoa boksi jingine chini ya kaunta. "Basi chukua nyingine, yaishe."

Nikalipokea. Lilikuwa jepesi vilevile. Nikalirudisha pale juu ya kaunta, nikaondoka.